Pindo la Kichwani

Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Sitaki mtu alisome hapa kisha ainue mikono kumwombea dua kwa sababu yangu. Mtaa mzima wa Makorora ulimwita Fundi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Ufundi alikuwa nao. Hilo sina pa kulikatalia, na ndilo linaloniudhi zaidi.

Alikuwa akishona mifarishi. Siku hizi mabinti wanaolewa na mablanketi ya dukani, yakichuja yanatupwa. Katika miaka ya hamsini mambo hayakuwa hivyo kwetu. Binti wa watu hakutoka kwao bila mfarishi wake: tabaka mbili za kitambaa, sufi katikati, juu vipande vya rangi rangi vilivyoungwa kimoja kimoja, na pande zote nne mapindo. Mapindo hayo hayakununuliwa. Yalikatwa kwenye kanga za wanawake wa ukoo wako. La miguuni lilitoka kwa shangazi, ya ubavuni kwa bibi na mama mdogo, na la kichwani, lile linalogusa shavu ukilala, lilikuwa la mama. Siku ya kuonyesha vyombo, wanawake wa upande wa mume walikuja wakautandaza mfarishi na kuusoma. Hawakuuliza mahari wala mkufu. Walitazama kichwani. Wakiliona la mama, basi mama kamtoa mwanawe kwa radhi. Wasipoliona, waliangaliana, na kuangaliana kwao kulikufuata ndani ya nyumba.

Mama yangu alikufa mimi bado mdogo. Aliniachia kanga moja tu, ya rangi ya damu ya mzee yenye michoro ya korosho nyeupe. Mwenzake katika doti ile, mama alifunikwa nayo jenezani, na haikurudi nyumbani. Hiyo iliyobaki ilikuwa na tundu dogo la kaa la moto kwenye pindo, alilolitengeneza mwenyewe kwa uzi wa buluu kwa sababu siku hiyo mwekundu haukuwepo. Shangazi yangu, dada wa baba aliyenilea, aliitunza sandukuni pamoja na karafuu. Nilipofika miaka kumi na minane na kuposwa, aliitoa, akanipa, akanishika mkono mpaka kwa Fundi nikajifunze kushona mfarishi wangu mwenyewe. Laiti angeniacha nikalale juu ya mkeka mtupu.

Nianze na vidole vyake, maana hivyo ndivyo vilivyokuwa vikitutisha kabla ya mdomo. Vilikuwa vifupi, vinene, huwezi kuamini kama vinaweza kushika sindano namba kumi. Kucha ya dole gumba la kulia aliiacha ikakua, ngumu, ya manjano, na hiyo ndiyo iliyokuwa pasi yake. Ukishamaliza mshono aliuchukua, akaulaza gotini, akaupitishia ile kucha mara moja, na mshono ukalala kama uliotoka chini ya pasi ya makaa. Kidole cha kati hakikuvuliwa subana, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Alikula nacho, akasali nacho, na alitupigia nacho kwenye vifundo vya vidole. Mwaka ule mzima nilikuwa na kidonda kwenye kifundo cha pili cha mkono wa kushoto, kikipona anakifungua.

Pini aliziweka mdomoni. Alizungumza nazo, alicheka nazo, alimjibu Mhindi wa dukani nazo. Tulikuwa wanafunzi wanne watano kwenye mkeka wake, na tulijua kwamba pini zikiwa mdomoni tuko salama. Zikianza kutoka moja moja, zikipangwa kwenye mto wa pini pale ubavuni, mtu alikuwa anaandaliwa matusi, na kila mmoja alianza kuutazama upya mshono wake. Alikuwa akituita makarai. Sijui kwa nini makarai. Fundi alimwita binti mmoja mnene pipa la samli mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa, na posa ile ilivunjika. Fundi alipoambiwa kwamba imevunjika kwa ajili ya mdomo wake, alisema, "Afadhali. Mshono wake ulikuwa mbaya, angewaaibisha."

Kumwamkia nako kulikuwa kazi. Ulipomwambia shikamoo hakuitikia palepale. Alikuvuta kwa pindo la gauni, akaligeuza ndani nje, akaukagua mshono pale mlangoni watu wakipita, kisha ndipo akasema "Marahaba", au hakusema. Nilimwona akimfanyia hivyo mke wa imamu. Mama wa watu alisimama juani gauni limepinduliwa, maana naye mfarishi wake ulikuwa ndani haujaisha.

Ibada hakukosa. Adhana ikisikika sindano inachomekwa kwenye kitambaa pale pale ilipofika, hata kama imebaki nukta moja. Lakini mwongo alikuwa yeye. Kila mteja aliambiwa "Kesho, baada ya alasiri." Kesho mteja akija, Fundi aliingia nyuma ya pazia la chumba chake na sisi tulifundishwa kusema, "Kaenda mazikoni." Tulimzikisha nusu ya Makorora. Mzee mmoja mwenye duka la chumvi tulimzika mara tatu, na mara ya tatu mteja alikuwa mwanawe. Alisimama akatuangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nyuma ya pazia tulisikia Fundi akicheka na pini zake.

Nyuma ya pazia hilo hakuna aliyeingia. Tulijua kuna kitanda, kwa sababu kililia akikaa. Chakula alikula huko, au akila mbele yetu alitupa mgongo. Wala hatukujua ametoka wapi. Wengine walisema Pangani, wengine walisema ng'ambo. Siku moja kwenye maulidi ya wanawake mama mmoja alimuuliza kwa upole tu, kwao ni wapi, na wanawake wa kwao ni akina nani. Fundi alitoa pini zote mdomoni, tukainamisha vichwa. Lakini hakumtukana. Alisema, "Mie sina wa kwetu," akazirudisha pini, akainuka akaenda kupakua pilau za watu. Nilimcheka kimoyomoyo. Nilikuwa mtoto, na nilidhani mtu hukosa wa kwao kwa ubaya wake.

Kuna jambo moja nitalisema shingo upande, kwa sababu shangazi yangu angekuwa hai angenisuta nikiliruka. Alikuja mwanamke kutoka kambi ya mkonge upande wa Pongwe, mke wa mkata mkonge, watu wa bara, Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika na msalaba shingoni. Alileta magunia matatu ya unga yaliyofuliwa yakawa meupe na furushi la vitambaa vya kuokota. Alitaka funiko la mtoto aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Sisi tulianza kumcheka. Fundi alimkalisha mkekani. Alikaa na yule mwanamke siku tatu, akakata, akaunga, akamtilia sufi yake mwenyewe, hakupokea hata yai. Alipokwishaondoka, tulipigwa subana mmoja mmoja kwa zamu. Kwa hiyo huruma alikuwa nayo. Aliigawa kwa watu asiowajua, sisi tuliokuwa mkekani kwake hakutubakishia.

Sheria zake zilikuwa mbili, na zote mbili zilinikuta.

Ya kwanza ilikuwa kupima pindo kwa nje. Pindo lina kingo mbili, ya ndani inayoshonewa mfarishi na ya nje inayoning'inia kitandani. Ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, kwa sababu kwenye kona pindo hukatwa mshazari ili likutane na mwenzake aliyekatwa mshazari vilevile. Ukipima ya ndani ukakata, umepungukiwa upana wa pindo zima kila mwisho, karibu shubiri, na kona inabaki imeachama. Nyumba ile nzima ilijaa sauti yake: "Nje! Pima kwa nje! Utalala kwa ndani, lakini unapima kwa nje!"

Ya pili ni kwamba vitambaa vinavyobaki ni vya fundi. Hiyo haikuwa yake peke yake, mafundi wote walikuwa hivyo. Ila yeye aliifuata mpaka kwenye nyuzi. Alikuwa na debe la mafuta ya taa lililokatwa mdomo, na kila kilichodondoka kutoka kwenye mkasi kiliingia humo. Ukiomba kipande cha kushonea mdoli wa mdogo wako, ulipewa subana.

Siku yangu ilikuwa Jumatano. Fundi hakuwepo. Alikuwa amekwenda mazikoni, na siku hiyo mazishi yalikuwa ya kweli. Mfarishi wangu ulikuwa umekwisha katikati, mapindo ya ubavuni na la miguuni yamekaa, limebaki la mama tu. Harusi ilikuwa wiki mbili mbele. Nikasema moyoni, akirudi akute kichwa kimekaa, atashindwa kuniita karai. Nikaitandaza kanga ya mama. Ilikuwa bado inanukia karafuu. Nikaikunja katikati mapindo mawili marefu yakalaliana, moja juu ya moja, ili nikate yote mara moja, la pili liwe la akiba, kazi iwe nyepesi. Nikapima. Mkasi ulikuwa mkubwa, mzito, ule wa Fundi mwenyewe, nikakata mshazari huku, nikakata mshazari kule. Nilikuwa naimba.

Nilipoliweka pindo pale kichwani, kona ya kulia iliachama. Nikalivuta, ikaachama ya kushoto. Nililivuta huku na huku kama mtu anayevaa nguo ya mdogo wake. Nilikuwa nimepima kwa ndani. Na nilikuwa nimekata yote mawili.

Wenzangu waliacha kushona. Mmoja alisema, "Mwenzangu, kimbia," na hakuwa akitania. Sikukimbia. Nilikaa pale mpaka Fundi aliporudi, buibui bado limemfunika, akasimama juu yangu.

"Umepima wapi?"

"Kwa ndani, Fundi."

Alikaa. Alitoa pini mdomoni moja moja, maana hata mazikoni alikwenda nazo. Nilizihesabu, zilikuwa tisa.

"Na la pili?"

"Nimelikata pamoja nalo."

Nilingoja matusi, hayakuja. Alilishika pindo la mama, akalipitishia kucha, akafika pale penye uzi wa buluu, kucha ikasimama. Aliurudia uzi ule kwa kidole. Nikapata moyo, nikasema kile nilichokuwa nimekipanga tangu adhuhuri.

"Fundi, niache niunge. Nitakata vipande kwenye hili la pili, niongeze kimoja huku kimoja kule. Korosho zitakutana, nimeshazilinganisha. Haitaonekana."

"Pindo la kichwani haliungwi."

"Nani kasema?"

Subana ilitua kwenye kidonda changu. "Mie nimesema. La kichwani linakuwa zima, au haliwi. Unataka watu waje waone mama yako kawekwa viraka?"

"Basi nirudishie, Fundi. Nitayaweka tu sandukuni."

"Weye si mgeni mkekani hapa. Kilichokatwa vibaya si pindo tena, ni kitambaa. Na vitambaa ni vya nani?"

Wenzangu waliinamia mishono yao. Nilimshika mguu. Sijawahi kumshika mtu mguu kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimwambia kwamba mama yangu hana kitu kingine duniani, kwamba nguo zake ziligawiwa, kwamba sura yake siikumbuki vizuri ila naukumbuka uzi ule wa buluu. Fundi aliuvuta mguu wake polepole, akayakunja mapindo yote mawili, akainuka. Hakuyatia kwenye debe. Aliingia nayo nyuma ya pazia, na kitanda kikalia. Niliona, lakini sikulifikiria.

Shangazi alikuja jioni ile ile, mishipa imemtoka, nikajua nitapata haki yangu. Walizungumza mlangoni. Akarudi amepoa. "Fundi kasema haliungwi," aliniambia. "Mimi najua nini habari za mapindo, mwanangu? Yeye ndiye fundi." Kesho yake alininunulia kanga mpya, bado ngumu kwa wanga. Nikaikata pindo kwa nje. Kona zilikutana sawasawa, mshono ukalala, na Fundi akaupitishia kucha yake na kusema maneno aliyoyasema mara moja tu kwa mwaka mzima niliokaa kwake.

"Huu umekaa."

Wallahi nilifurahi. Hilo ndilo ambalo sijalimeza mpaka leo, kwamba nilifurahi, na nilitembea mpaka nyumbani nikijirudia maneno yale mawili.

Siku ya kuonyesha vyombo mama mkwe wangu alipitisha kidole kwenye pindo la kichwani, na wanga ukasikika. "La nani hili?"

"La kwetu," akasema shangazi.

"La kwenu nani? Mama yake hakuacha hata kanga?"

Shangazi alianza kueleza habari za mkasi na kona, lakini nani atasikiliza habari za mkasi siku kama ile. Wanawake waliangaliana. Nilitolewa kwetu hivyo. Mimba ya kwanza iliharibika mwezi wa nne. Ya pili ilifika mwezi wa sita. Mama mkwe hakunitukana, ningemwonea nikisema alinitukana. Alikuwa akipepeta mchele siku hiyo, akasema kama anauambia ungo, "Mtoto hakai kwenye mfarishi usiokuwa na radhi." Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la mkonge, mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa kunyamaza. Mwaka wa sita wa ndoa nilisikia kwa majirani kwamba anatafutiwa mke wa pili.

Wakati huo Fundi hakuwa tena Makorora. Macho yalikuwa yamemwisha, na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani aliyeolewa Tongoni alimchukua akampa chumba uani. Shangazi ndiye aliyeniletea habari. "Haoni kitu," alisema kwa masikitiko. "Hata uzi hatungi." Alitaka nisikitike. Mimi nilikwenda kuoga, nikavaa gauni langu jipya nililolishona mwenyewe, nikapanda basi la Pangani linalopita Tongoni. Nisidanganye: nilikwenda kumwona akiwa chini. Nilitaka nisimame mbele yake nikiwa naona na yeye haoni.

Nilimkuta amekaa kitandani, mlango wazi, jua limeingia mpaka miguuni pake. Alikuwa amepungua. Ile kucha ilikuwa pale pale.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Alinyoosha mkono hewani, akapapasa mpaka akalipata gauni langu, akaligeuza pindo, akalipitishia kidole.

"Marahaba," akasema. "Bado unashona mbio."

Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi, nikayasahau yote, kwa sababu nilikuwa nimeona alichokalia. Ulikuwa mfarishi. Kule Makorora hatukuwahi kuuona. Katikati ulikuwa na vipande vidogo vidogo vya kila rangi, vile vya kwenye debe, na mapindo pande zote nne. La ubavu mmoja nililitambua, lilikuwa la mama wa yule binti aliyeitwa pipa la samli. La ubavu wa pili na la miguuni sikuyajua. La kichwani lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lenye korosho nyeupe, lenye nukta ya uzi wa buluu.

"Hili ni la mama yangu."

"Ndilo."

Lilifika kona mpaka kona. Halikupungua hata unywele. Niliinama nikalitazama kwa karibu. "Limeungwa," nikasema.

"Pande zote mbili, kwa lile la pili. Ukiona viungo viko wapi, n'ambie."

Sikuviona. Mimi ninayeona sikuviona, na yeye alikuwa anatabasamu. 

"Uliniambia haliungwi."

"Nilikwambia."

"Kwa nini?"

Mdomo wake ulifanya ule mchezo wa zamani, kama anatoa pini, ingawa hakukuwa na pini. "Nililitaka," akasema.

Nikangoja aongeze. Nilidhani atasema alikuwa ananifundisha, au sheria ni sheria. Watu wazima wana mengi ya kusema wanapokosea watoto.

"Mie hakuna aliyenikatia kanga," akasema. "Wala sikumjua wa kumwomba. Nimewashonea wana wa watu miaka na miaka, kila mmoja ana la kichwani. Weye ukaja na la mama yako, ukalikata unaimba, wenzio walin'ambia. Nikasema, huyu halitaki kama ninavyolitaka mie."

"Nilikuwa na miaka kumi na minane! Nilikosea!"

"Ulikosea. Na mie nikaiba. Sasa unataka nini, nilie?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za vyombo, na wanga uliosikika chini ya kidole cha mama mkwe. Nilimwambia ya mwezi wa nne na ya mwezi wa sita. Nilimwambia kuhusu mke wa pili. Nilisema kwa sauti mpaka mwenye nyumba akachungulia uani, akarudi ndani. Fundi alisikiliza, uso umeelekea mlangoni.

"Hayo sikuyajua," akasema mwishoni.

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Alisogea, akajivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, mfarishi ukabaki wazi. "Mkasi uko chini ya mto. Anzia kona. Usivute uzi, kata mshono mmoja ruka mitatu, utaachia wenyewe."

Nilifumua. Kazi ile ilichukua muda, maana mishono yake ilikuwa midogo na hakuna hata mmoja uliolegea. Yeye aliishika kingo akaikaza ili mkasi upite, na mikono yetu ilikuwa karibu, na mara kwa mara aliuliza nimefika wapi. Nilipomaliza, pindo lilikuwa gotini kwangu, na mfarishi wake ulikuwa umefunguka upande wa kichwa, sufi inachungulia. Alipapasa pale palipokuwa na pindo, kutoka kona hii mpaka ile.

"Sufi itatoka," akasema.

"Itatoka," nikasema.

Ningeweza kuikunja ile kingo nikaipiga bandi, sufi isitoke. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na uzi ulikuwepo. Nililikunja pindo la mama, nikalitia kifuani, nikaondoka bila kuaga. Alifariki kabla ya mwezi wa Ramadhani. Shangazi alikwenda mazikoni. Mimi nilibaki nyumbani, na mtu alipouliza nilipo, sikumfundisha yeyote kusema nimekwenda mazikoni.

Pindo la dukani nililifumua siku ile ile niliyorudi kutoka Tongoni, la mama likakaa mahali pake. Mama mkwe alipoliona alilipitishia kidole, akafika kwenye uzi wa buluu, akaniuliza ni nani aliyetengeneza hapo. Nikamwambia ni mama. Habari za mke wa pili zikafa kimya kimya. Watoto nilipata baadaye, wawili. Mama mkwe alisema ni pindo, mimi nikasema ni Mungu na mkunga wa hospitali, na hatukugombana.

Ila sikutaka mkono wa Fundi ubaki kichwani kwangu. Nilitafuta viungo vyake, nikavipata kwa shida, juani, kwa kulipinda pindo. Nikaanza na cha kulia. Nilikifumua, nikakishona upya kwa mkono wangu, kutwa nzima, nikafumua tena nikashona tena. Korosho moja imekatika kichwa, na kona imekaa upande. Mtu yeyote akipita anaiona. Cha kushoto nimekiacha. Sikukiacha kwa kumpenda, wala sijamsamehe. Nimekiacha kiwe ushahidi kwamba iliwezekana.

Nalala nimegeukia kulia.